ISTILAHI ZA KAZI YA VIDEO: KUTOKA MKANDA HADI MKATABA

Utangulizi

Miongoni mwa biashara ndogo zilizoenea katika miji yetu na hata katika vijiji ni ile ya kupiga na kutengeneza video. Fundi mmoja mwenye kamera, msaidizi mmoja au wawili, kompyuta moja na chumba cha kupanga: huo ndio mtaji wa biashara nyingi za aina hii. Kazi zao ni harusi, mahafali, maziko, mikutano ya vyama vya ushirika, nyimbo za kwaya, matangazo ya maduka, na pengine mafunzo ya afya au kilimo yanayogharamiwa na halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo lugha ya kazi hii haiishii kwa mafundi peke yao. Humfikia mwalimu wa ufundi anayeifundisha, ofisa ununuzi anayeandika barua ya kuomba huduma, mfasiri anayeletewa mkataba, na hakimu anayesikiliza madai pale makubaliano yanapovunjika.

Hatukusudii kutoa hapa orodha ndefu ya majina ya vyombo. Mafundi wamekwisha kuvipa majina: kamera, lenzi, betri, taa, stendi, kipaza sauti, kadi. Majina hayo yanafahamika, na hayamgombanishi mtu na mwenziwe. Kinachowagombanisha watu ni maneno machache yanayotaja kile kinachouzwa. Hoja ya makala haya, basi, ni kwamba katika biashara ndogo istilahi huhitajika kwanza pale mmoja anapotoa fedha na mwingine anapotoa kazi. Hapo neno moja likibeba vitu viwili vyenye bei mbili, ugomvi hauna budi kuzuka, hata kama hakuna aliyekusudia kumdhulumu mwenziwe.

Neno video na neno mkanda

Neno video limekwisha kukubalika. Hutumika katika ngeli ya I-ZI: video hii, video hizi. Kwa kuwa linaanza na silabi vi-, lingeweza kuchukuliwa kuwa ni wingi, na umoja wake ukawa kideo. Maana ndivyo lilivyofanyiwa neno kitabu, ambalo ki- yake katika Kiarabu si kiambishi, lakini sisi tunasema vitabu. Wasemaji wengi hawakuifuata njia hiyo, na mwanaistilahi hana sababu ya kuwageuza.

Neno mkanda lina historia ndefu zaidi. Asili yake ni kipande chembamba na kirefu cha ngozi au kitambaa, kama kile kinachofungwa kiunoni. Mitambo ya VHS ilipotoka Japani mwaka 1976, kisha katika miaka ya 1980 ikaanza kuingia katika nyumba na mabanda ya video ya Afrika ya Mashariki, Kiswahili kilitazama ndani ya kaseti kikaona utepe mwembamba uliozungushwa, kikauita mkanda. Jina lilitolewa kwa umbo la kitu, nayo ni njia ya kale na nzuri ya kuunda istilahi.

Baadaye maana ya neno hilo ilipanuka. Mkanda ukawa kaseti yenyewe. Ukawa picha zilizomo ndani ya kaseti. Tena ukawa kazi iliyokamilika, kama tusemapo mkanda wa harusi. Maadamu kaseti ilikuwapo, upanuzi huo haukuleta madhara makubwa, kwani vitu vyote vitatu vilisafiri pamoja. Aliyeichukua kaseti alikwisha kuchukua na picha zake.

Leo kaseti hazipo. Kampuni ya Funai ya Japani ilisimamisha utengenezaji wa mitambo ya VHS mwaka 2016, na kabla ya hapo mafundi walikwisha kuhamia kwenye kadi na diski. Kitu kimeondoka lakini jina limebaki, na zile maana tatu zilizokuwa zimefungwa pamoja na utepe sasa zimeachana. Hali hii si ya Tanzania peke yake: vyombo vya habari vya Kenya huandika kanda ya video hata pale ambapo picha inayozungumzwa imepigwa kwa simu.

Tuseme kamati ya harusi imekubaliana na fundi kwamba atawapa mkanda wote wa harusi. Kamati inaelewa kuwa itapewa kila kitu kilichoonwa na kamera, tangu bibi harusi akipambwa hadi wageni wakiondoka. Fundi anaelewa kuwa atatoa video moja ya saa mbili, iliyopangwa na kutiwa muziki. Siku ya kukabidhi kila upande unaona umedhulumiwa. Wote wawili wamelitumia neno mkanda kwa usahihi, kila mmoja kwa maana yake.

Neno picha nalo lina tabia hiyo hiyo. Mkazi wa Dar es Salaam akisema anakwenda kuangalia picha, huenda anakwenda kutazama filamu. Akisema anakwenda kupiga picha, huenda anataka picha ya pasipoti. Ofisa anayeandika kwamba mkutano utahitaji mpiga picha mmoja ataletewa mtu ambaye hakumtarajia. Kwa bahati nzuri tunayo maneno mawili yanayotenganisha vitu hivi, nayo ni picha mnato na picha jongefu. Katika mazungumzo ya kila siku yanaweza kuonekana mazito, lakini katika barua ya zabuni yanafaa sana.

Hatua za kazi na majina yake

Ili kupata istilahi zinazofaa ni vema kuifuata kazi yenyewe hatua kwa hatua. Kazi ya video ina hatua nne: maandalizi, upigaji, uhariri na makabidhiano.

Katika maandalizi fundi huuliza ratiba, huutazama ukumbi, hupima mwanga, hutafuta mahali pa umeme, na hukubaliana na mshereheshaji juu ya nyakati muhimu. Neno mshereheshaji ni mfano wa istilahi iliyofaulu. Limeundwa kwa kitenzi kinachojulikana, msikilizaji hulielewa mara ya kwanza alisikiapo, na limepata nafasi yake ukumbini kando ya emsii.

Katika hatua ya pili mafundi wengi husema kushuti. Hata hivyo Kiswahili kina kitenzi piga ambacho hubeba mizigo ya namna hii bila taabu: twapiga picha, twapiga chapa, twapiga pasi, twapiga simu. Kupiga video ni nyongeza moja tu katika msafara huo, na mtendaji wake ni mpiga video. Neno kameramani lina kasoro moja inayofaa kuangaliwa: sehemu yake ya mwisho, katika lugha lilikotoka, ina maana ya mwanamume. Kiambishi m- hakimbagui mwanamke wala mwanamume, na wanawake katika kazi hii wapo.

Hapa pana tofauti nyingine inayohitaji kuwekwa wazi, yaani tofauti kati ya kurekodi na kurusha mbashara. Siku hizi familia nyingi zenye ndugu Oman, Uingereza au Marekani humwomba fundi arushe maziko au harusi mbashara ili walio mbali waone papo hapo. Kurusha mbashara kunahitaji mtandao wenye nguvu na bando la kutosha. Kurekodi kunahitaji kadi na diski. Ni huduma mbili. Anayelipia ya kwanza asidhani amelipia na ya pili, na fundi asiliache jambo hilo bila kulitamka.

Hatua ya tatu ni uhariri. Kitenzi hariri kilikuwa cha magazeti na vitabu, lakini kimehamia katika picha bila kupoteza maana yake ya msingi, yaani kuchagua, kupunguza, kupanga na kusahihisha. Hatuna sababu ya kukiweka kando kwa ajili ya kuediti. Kutoka katika vitabu vilevile tunaweza kuchukua neno rasimu. Rasimu ya video ni ile video ambayo mteja huonyeshwa kabla kazi haijakamilishwa, ili atoe maoni yake.

Maoni hayo ndiyo chanzo cha magomvi mengi. Mteja akisema jina la marehemu limeandikwa vibaya, hilo ni kosa la fundi, na kulisahihisha ni wajibu wake. Lakini mteja akisema sasa anataka wimbo mwingine, au amsimamishe shangazi mbele ya mjomba, hilo si kosa. Ni matakwa mapya. Mafundi huliita kila jambo marekebisho, nao wateja hulielewa kuwa ni la bure. Twapendekeza maneno mawili yatenganishwe: usahihishaji kwa makosa ya fundi, usio na malipo, na mabadiliko kwa matakwa mapya ya mteja, ambayo mkataba utataja ni mara ngapi yanaruhusiwa na kwa bei gani.

Tatizo la picha ghafi

Vitu vyote vilivyonaswa na kamera kabla ya kuhaririwa havikuwa na jina moja lililoenea. Wengine huviita futeji, wengine rushi, wengine mkanda wote. Twapendekeza picha ghafi. Neno ghafi lina maana ya kitu ambacho hakijatengenezwa, na kila mtu analifahamu kutokana na malighafi. Msikilizaji anaweza kuikisia maana bila kufundishwa, na hiyo ni sifa ya kwanza ya istilahi njema.

Kitu hiki kinastahili jina kwa kuwa kina uzito na gharama. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde hujaza gigabaiti 22.5 kwa saa moja. Kamera mbili zikifanya kazi saa sita, picha ghafi hufika gigabaiti 270. Fundi mwenye busara hutunza pia nakala ya akiba katika diski nyingine, kwani diski moja ikiharibika harusi hairudiwi. Basi kazi moja inakuwa gigabaiti 540. Hizo haziwezi kutunzwa milele bila malipo. Mkataba usipotaja picha ghafi ni za nani na zitahifadhiwa kwa muda gani, fundi atazifuta ili apate nafasi ya kazi nyingine, na mjane atakayerudi baada ya miaka miwili kuitafuta sauti ya marehemu mumewe ataambiwa hazipo. Neno moja likiandikwa mapema huokoa jambo ambalo fedha haziwezi kulirudisha.

Maneno ya fedha

Katika mambo ya fedha Kiswahili kina utajiri wa zamani, maana ni lugha iliyokuzwa na biashara. Hata hivyo mafundi husema advansi kwa fedha yoyote inayotolewa kabla ya kazi. Neno hilo linafunika mambo mawili. Arubuni ni fedha inayotolewa ili kuthibitisha makubaliano: fundi akiipokea ameitoa siku hiyo sokoni, haruhusiwi kuwapa wengine. Malipo ya awali ni sehemu ya bei inayotangulizwa ili kazi ianze. Harusi ikiahirishwa, swali la iwapo fedha itarudishwa hutegemea ni fedha ya namna gani. Mkataba utaje jina lake, kisha useme itarudishwa au haitarudishwa.

Kadhalika tutenganishe ankara na stakabadhi. Ankara huonyesha kinachodaiwa, nasi tunaizoea katika ankara ya maji. Stakabadhi huthibitisha kilichokwisha kupokewa. Watu wengi husema risiti, na neno hilo halina ubaya katika maongezi, lakini stakabadhi lingali hai katika nyaraka, kama inavyoonekana katika mfumo wa stakabadhi ghalani unaotumiwa na wakulima.

Neno moja lingefaa kufundishwa kwa kila anayeanza biashara hii, nalo ni uchakavu. Tuseme kamera imenunuliwa kwa shilingi 3,600,000, na inatarajiwa kufanya kazi miezi 36. Kila mwezi inapungua thamani kwa shilingi 100,000. Fundi akipata kazi nane kwa mwezi, kila kazi imekula shilingi 12,500 za kamera hata kama hakuna aliyeziona zikitoka mfukoni. Anayehesabu nauli, bando na posho ya msaidizi peke yake huona faida mahali ambapo anakula mtaji, na kamera inapokufa hana ya kununulia nyingine. Dhana isiyo na jina kinywani mwa fundi haiingii katika daftari lake.

Maneno ya haki na ruhusa

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilitupatia maneno mawili yanayofaa. Hakimiliki ni haki ya mtunzi juu ya kazi yake. Hakishiriki ni haki ya wale wanaoshiriki kuifikisha kazi kwa watu, kama vile waimbaji, watayarishaji wa sauti zilizorekodiwa, na mashirika ya utangazaji. Wimbo unaowekwa chini ya video ya harusi una wenyewe, na ndiyo sababu video nyingine huondolewa katika YouTube mara zinapowekwa.

Linalohitaji mkazo ni kwamba kumiliki nakala si kumiliki haki. Mteja aliyekabidhiwa nakala anaweza kuitazama na kuitunza. Lakini swali la nani anaweza kuitangaza, kuiuza au kuitumia katika tangazo ni swali jingine, na lapasa kujibiwa na mkataba. Mfasiri asitumie neno umiliki peke yake. Aseme umiliki wa nakala au umiliki wa haki.

Tofauti ya mwisho ni kati ya kibali na ridhaa. Kibali hutolewa na mamlaka, kwa mfano pale fundi anapotaka kurusha ndege isiyo na rubani, yaani droni. Ridhaa hutolewa na mtu mwenyewe anayepigwa video. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imelipa neno ridhaa uzito mpya. Fundi mwenye kibali cha kufanya kazi uwanjani hajapata ridhaa ya kumtumia mtoto wa watu katika tangazo la sabuni.

Mfasiri pia ajihadhari na umri wa maneno yaliyo katika sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ilitungwa mwaka 1976, mwaka uleule VHS ilipotoka Japani. Neno filamu ndani yake liliandikwa kabla video haijaingia majumbani. Pale anapofasiri waraka unaotokana na sheria hiyo, asibadilishe filamu kuwa video kwa kudhani ni kitu kimoja.

Mapendekezo

Katika kuchagua maneno yafuatayo tumefuata utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi: kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Hatukulazimika kutoka nje, kwani maneno yote haya yamo katika lugha tayari.

Picha ghafi: picha na sauti zote zilizonaswa, kabla ya kuhaririwa.
Rasimu ya video: video inayoonyeshwa mteja ili atoe maoni.
Video kamili: video iliyokwisha kuhaririwa na kukubaliwa.
Nakala: video kamili iliyowekwa katika chombo na kukabidhiwa.
Nakala ya akiba: nakala inayotunzwa na fundi kwa ajili ya tahadhari.
Usahihishaji: kuondoa makosa ya fundi, bila malipo.
Mabadiliko: kutimiza matakwa mapya ya mteja, kwa masharti ya mkataba.
Arubuni: fedha ya kuthibitisha makubaliano.
Malipo ya awali: sehemu ya bei inayotangulizwa.
Muda wa kuhifadhi: kipindi ambacho fundi atatunza picha ghafi na nakala ya akiba.

Neno mkanda tusilifukuze. Waache watu waseme mkanda wa harusi majumbani mwao, kama wanavyosema kukata simu ilhali hakuna kinachokatwa. Katika mkataba, barua ya zabuni na kitabu cha mafunzo, lisitumike peke yake.

Hitimisho

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na Mahakama za Mwanzo zilikwisha kukitumia tangu zamani. Maana yake kwa fundi wa video ni kwamba karatasi anayotia sahihi leo inaweza kusomwa kesho mbele ya hakimu, kwa Kiswahili kilekile alichokiandika. Hatakuwapo mfasiri wa kumsaidia kueleza kwamba alikusudia jambo jingine.

Walimu wa ufundi wanaweza kuzijaribu istilahi hizi kwa kuwapa wanafunzi mkataba wa harusi wauandike wenyewe, kisha mmoja ajifanye mteja na mwingine fundi. Maofisa wanaweza kuzitia katika barua zao za kuomba huduma. Mafundi nao wana maneno yao ambayo pengine hayajatufikia, hasa katika miji ya bara na visiwani, na huenda baadhi yao ni bora kuliko haya tuliyoyapendekeza. Wasomaji wanaombwa kuyakusanya na kuyaleta, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika na kitu kinachotajwa, ili yajadiliwe kabla ya orodha hii kusanifishwa.